Mibuni Isiyokesha: Historia ya Kafeini kutoka Mbinga hadi Ngazidja

Wilayani Mbinga, kusini mwa Tanzania, mvua ikishakatika na baridi ya Umatengo ikishika, buni huanza kuiva. Watu huingia mashambani na vikapu, na kuanzia Matiri hadi Litembo maongezi hugeukia bei, mnada na malipo ya vyama vya ushirika vya msingi, AMCOS. Mkulima huijua kahawa kwa uzito na daraja lake. Mnywaji aliye Ujerumani au Japani huijua kwanza kwa kazi yake ya kufukuza usingizi. Kitu kinachoifanya kazi hiyo ni kafeini, na katika punje ya arabika kavu hakizidi sana asilimia moja ya uzito.

Mbuni huitengenezaje kafeini? Imechukua karibu miaka mia mbili kulijibu swali hilo, na sehemu kubwa ya jibu haikutoka kwenye kahawa ya sokoni. Ilitoka kwa ndugu zake wa porini ambao hawajawahi kupandishwa mnadani: vichaka vya misitu ya pwani yetu na visiwa vya Komoro, na michai ya milimani China ambayo majani yake karibu hayana kafeini.

Mbuni wenyewe ni mgeni Umatengo. Wamatengo walikuwa wakulima hodari kabla ya kuujua. Walipobanwa milimani na vita vya Wangoni katika karne ya 19, walitegemea kilimo cha ngoro: nyasi hufyekwa na kupangwa miraba juu ya mteremko, kisha hufukiwa kwa udongo, na katikati ya kila mraba hubaki shimo la kuzuia maji ya mvua yasiporomoshe shamba. Kahawa ilifika huko miaka ya 1920, wakati serikali ya Waingereza ilipodai kodi kwa fedha taslimu na watu wakatafuta zao la kuuza. Mwaka 1936 kikaundwa chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, kikishughulikia hasa tumbaku ya Songea. Kahawa ya Mbinga nayo ikashika njia hiyo ya ushirika.

Mbegu zilikuwa za arabika, mti ambao asili yake ni misitu ya Ethiopia. Kutoka Ethiopia ulivuka kwenda Yemen. Kutoka Yemen, mwanzoni mwa karne ya 18, Wafaransa waliupeleka kisiwa cha Bourbon, kinachoitwa Réunion leo. Katika karne ya 19 mapadre wa Roho Mtakatifu waliurudisha Afrika kupitia Bagamoyo, ukapanda hadi Kilimanjaro. Kila ulipohama walichukuliwa miche au punje chache tu, kwa hiyo arabika iliyoenea duniani ni ukoo mwembamba mno, watoto wa mababu wachache.

Wahaya walikuwa na kahawa yao muda mrefu kabla ya hapo. Robusta ni mwenyeji wa magharibi mwa Ziwa Viktoria, na Buhaya ilitafunwa badala ya kunywewa: buni zilichemshwa pamoja na majani ya kunukia, zikakaushwa, zikatolewa kwa mgeni mlangoni na kwa wanaochanjiana udugu. Robusta ina kafeini inayokaribia maradufu ya arabika. Watu wa Bukoba walikuwa wakiitumia kafeini vizazi na vizazi kabla ya Ulaya kuipa jina.

Kuchunguzwa kwake kulianzia Ujerumani mwaka 1819. Mshairi Goethe, ambaye pia alipenda sana sayansi, alimwita kijana aliyeitwa Friedlieb Ferdinand Runge amwonyeshe jinsi dawa ya mmea mmoja wenye sumu inavyotanua mboni ya jicho la paka. Baada ya onyesho alimkabidhi buni chache, akamwambia azichunguze na hizo. Runge alizichunguza, akapata chembe nyeupe chungu. Miaka minane baadaye mtu mwingine, Oudry, alitoa chembe kama hizo kwenye majani ya chai, akazipa jina jingine akidhani ni kitu kipya. Ilipofika mwaka 1838, Mulder na Jobst walionyesha kwamba ni kitu kimoja. Mwaka 1841 Mrusi Woskresensky alipata ndugu yake katika kakao, theobromini. Mwishoni mwa karne hiyo Emil Fischer aliichora molekuli ya kafeini yote na kuiunda mwenyewe maabarani.

Hapo likaibuka swali jipya. Chai na kahawa si ndugu wa karibu. Mti mmoja umetoka milima ya Asia na mwingine misitu ya Afrika, na koo zake zilitengana makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita. Imekuwaje yote miwili itengeneze dawa ileile, isiyopungua wala kuzidi hata atomi moja?

Fununu ya kwanza ilitoka Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro. Mwaka 1884 alifika huko mtaalamu wa mimea Mfaransa aliyeitwa Léon Humblot. Alikuja kukusanya mimea, lakini mwaka uliofuata akapata mkataba wa ardhi kutoka kwa Sultani Said Ali, na baada ya muda akawa na mamlaka makubwa kisiwani kiasi cha kuitwa sultani mweupe. Kati ya mimea aliyoipeleka Paris kulikuwa na mbuni wa porini, nao ukaitwa kwa jina lake: Coffea humblotiana.

Mwaka 1901 mkemia Gabriel Bertrand alizipima buni za mti huo. Alitafuta kafeini, hakuiona. Ulikuwa mbuni kamili kwa ua, tunda na punje, ila haukuwa na kile ambacho watu waliamini ndicho kinachoifanya kahawa iwe kahawa. Bertrand aliendelea na mibuni ya Madagaska, akakuta nayo haina kafeini, ingawa baadhi ilikuwa michungu vibaya. Wakati huohuo mfanyabiashara wa Bremen, Ludwig Roselius, alikuwa akitafuta namna ya kuiondoa kafeini kiwandani, na akafanikiwa kwa kuzipitisha buni kwenye mvuke na benzini. Kisiwa chenye mti uliozaliwa bila kafeini kilisahauliwa, na Ulaya ikanywa kahawa iliyooshwa kwa kemikali.

Pwani ya bara nayo ilikuwa na siri yake. Mwaka 1790 kasisi Mreno João de Loureiro, aliyepita Msumbiji akirudi kutoka mashariki ya mbali, alichapisha maelezo ya mbuni wa pwani hii na kuuita zanguebariae, yaani wa nchi za Zanzibar. Kwa karibu miaka mia mbili wataalamu walitupia humo mibuni mwitu mbalimbali ya pwani. Mwaka 1982 Diane Bridson wa bustani ya Kew, Uingereza, aliutenga mmoja na kuupa jina la Coffea pseudozanguebariae. Huota kwenye misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, Milima ya Shimba na Unguja ikiwamo. Ni kichaka chembamba chenye buni ndogo, na huivisha tunda ndani ya majuma kumi na moja hivi, wakati baadhi ya mibuni mingine huchukua karibu mwaka mzima.

Watafiti wa Kifaransa walikuja kukusanya mibuni mwitu Kenya mwaka 1977, kisha Tanzania mwaka 1982, wakaipeleka Côte d'Ivoire kuoteshwa na kupimwa. Kichaka hiki cha pwani kilipopimwa, kafeini haikuonekana. Walipokipandisha na mbuni wa liberika wenye kafeini, wajukuu walitofautiana: wengine walikuwa nayo, wengine hawakuwa nayo. Hesabu za uzao huo zilionyesha kwamba kukosa kafeini hurithiwa, na kwamba kwa sehemu kubwa kunategemea jeni moja. Udongo, mvua na mwinuko havikuhusika. Katika mti wenyewe kulikuwa na kitu kinachofanya kazi au kisichofanya.

Kitu hicho ni kimeng'enya. Vimeng'enya ni protini zinazofanikisha kazi za kikemia ndani ya chembe hai. Kila kimoja kina umbo linaloshika aina fulani ya molekuli, na jeni ndiyo inayobeba maelekezo ya kukiunda. Kazi ya kafeini huanza na zanthosini, molekuli ya kawaida inayotokana na malighafi ileile ambayo mti huitumia kujengea vinasaba vyake. Tuichukulie zanthosini kama shati lisilo na vifungo, na vimeng'enya kama mafundi cherehani. Fundi wa kwanza hushona kifungo kimoja, yaani kikundi kidogo cha atomi kiitwacho methili. Kisha kipande cha sukari kilichoning'inia huondolewa. Fundi wa pili hushona kifungo kingine, ikapatikana theobromini, ile ya kwenye kakao. Wa tatu akimaliza kifungo cha mwisho, shati limekuwa kafeini.

Kueleza hivyo ni rahisi kuliko ilivyokuwa kuwakamata mafundi wenyewe. Vimeng'enya hivi huwa vichache katika jani, tena huharibika upesi jani likishasagwa. Timu ya Hiroshi Ashihara wa Chuo Kikuu cha Ochanomizu, Tokyo, ilifanya kazi na majani machanga ya chai, maana humo ndimo kafeini hutengenezwa kwa wingi. Mwaka 2000 Misako Kato, Ashihara na wenzao walitangaza katika jarida la Nature kwamba wameipata jeni ya kimeng'enya cha kafeini cha chai. Katika chai fundi mmoja alishona kifungo cha pili na cha tatu. Miaka mitatu baadaye Wajapani walikuwa wamezipata na jeni za kahawa, na huko kila kifungo kilikuwa na fundi wake.

Ndipo chai ya porini ikatoa somo lake. Katika wilaya ya Longmen, mkoa wa Guangdong kusini mwa China, wanavijiji walikuwa na mchai wao wa milimani waliouchuma na kuunywa, na mwaka 1981 mtaalamu Chang Hung-ta wa Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen aliupa jina la Camellia ptilophylla. Majani yake yana theobromini kwa wingi, lakini kafeini karibu hamna. Kimeng'enya chake kilipolinganishwa na cha chai ya kawaida, vilifanana mno, ila cha porini hushona kifungo cha pili kikaishia hapo. Mwaka 2006 Wajapani walionyesha sababu. Kimeng'enya ni mnyororo wa mamia ya asidi amino, na ukibadilisha moja tu kati yake, kwenye nafasi ileile, kimeng'enya cha chai hugeuka kuwa cha kutengeneza theobromini tu. Kiungo kimoja cha mnyororo ndicho kinachotenganisha chai inayoamsha na ile inayomwacha mtu alale. Mchai mwingine wa kusini mwa China, unaoitwa kucha, umekwenda upande wa pili: huichukua kafeini iliyokamilika na kuigeuza kuwa theakrini, na kimeng'enya kinachomalizia kazi hiyo kilielezwa mwaka 2020.

Kahawa ilikuwa na mfano wake. Mwaka 1964 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikusanya mbegu za arabika Ethiopia. Baadhi zilipitia Costa Rica hadi Campinas, Brazil, zikapandwa na kutunzwa. Mwaka 2004 Maria Bernadete Silvarolla, Paulo Mazzafera na mwenzao walitangaza kwamba, kati ya karibu mibuni 3,000 waliyoipima, mitatu ilikuwa karibu haina kafeini kabisa. Ndani yake theobromini ilikuwa imerundikana: vifungo viwili vilishonwa, fundi wa tatu hakufanya kazi. Habari hiyo ilizua ubishi pia, kwa kuwa Ethiopia ilihoji nani atanufaika na mti uliotoka katika ardhi yake. Hadi leo kahawa hiyo haijatawala soko, kwani mti usio na kafeini lazima pia uzae vizuri na kumlipa mkulima, na sifa hizo ni ngumu kuzikusanya kwenye mche mmoja.

Kwa nini mmea ujipe gharama yote hiyo? Jibu mojawapo lilitoka kwenye tumbaku. Katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nara, Japani, kundi la Hiroshi Sano lilichukua jeni tatu za kahawa na kuzipandikiza kwenye tumbaku, na tumbaku ikaanza kutengeneza kafeini. Viwavi waliopewa majani hayo walikwepa kuyala. Mazao mawili yaliyoshika njia moja ya ushirika huko Songea na Mbinga yalikutana tena ndani ya chembe moja, na kafeini ikathibitika kuwa silaha. Ni chambo pia. Mwaka 2013 Geraldine Wright na wenzake walionyesha kwamba kafeini kidogo iliyo kwenye nekta ya maua ya kahawa na machungwa huwafanya nyuki waikumbuke harufu ya ua muda mrefu zaidi.

Mkulima wa Mbinga ana haki ya kuuliza: ikiwa kafeini ni silaha, ruhuni wanaishije ndani ya buni? Mdudu huyu mdogo mweusi hutoboa tunda na kumaliza karibu maisha yake yote humo, akila punje ambayo ingemuua mwingine. Mwaka 2015 watafiti waligundua kwamba tumboni mwake wamo bakteria wanaoivunjavunja kafeini. Wadudu walipopewa dawa ya kuua bakteria hao, kafeini haikuvunjwa tena, na uzazi wao ukaporomoka. Mti umejenga kinga, ruhuni akajikodishia mlinzi.

Mwaka 2014 jenomu ya robusta ilisomwa yote, ikapatikana orodha ya jeni zaidi ya 25,000. Watafiti waliziweka jeni za kafeini za kahawa kando ya zile za chai na kakao, na swali la tangu mwaka 1838 likapata jibu. Vimeng'enya vya kahawa vinafanana vyenyewe kwa vyenyewe kuliko vinavyofanana na vya chai. Maana yake mibuni haikurithi ufundi huu kutoka kwa babu mmoja na michai. Kila ukoo ulikuwa na vimeng'enya vya zamani vyenye kazi nyingine, jeni zake zikajirudufu, nakala zikabadilika kidogo kidogo, na kila upande ukafika kwenye kafeini kwa njia yake. Kafeini imebuniwa duniani zaidi ya mara moja.

Mwisho hadithi ikarudi Komoro. Mwaka 2021 watafiti wa Madagaska, Ufaransa na kwingineko walichapisha jenomu ya mbuni wa Humblot, miaka 120 baada ya Bertrand kuzipima buni zake. Waliilinganisha na ya robusta. Ingawa miti hiyo miwili ilitengana takriban miaka milioni 11 iliyopita, jeni zake bado zimepangana kwa namna inayofanana sana. Lakini ilipotarajiwa kuwapo jeni ya kimeng'enya cha mwisho, kinachoigeuza theobromini kuwa kafeini, hapakuwa na jeni. Yaelekea ilinyofolewa wakati vinasaba vilipokatika na kuungana vibaya zamani za kale, na mti ukaishi bila hiyo hadi leo.

Mti huo sasa uko hatarini kutoweka. Mwaka 2019 Aaron Davis wa Kew na wenzake walipima hali ya aina 124 za mibuni mwitu duniani, wakakuta asilimia 60 zinatishiwa kutoweka. Nyingi ni za Afrika, Madagaska na visiwa vya jirani. Misitu ya pwani yetu, ambamo mbuni usio na kafeini bado huota, hukatwa kwa mkaa, mashamba na makazi, na anayeukata mara nyingi hajui kuwa ameangusha mbuni.

Mtu wa Matiri anaweza kusema kwamba hayo yanawahusu watu wa Shimba na Ngazidja. Lakini aitazame miche yake. Huko Ugano, kituo kidogo cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, wilayani Mbinga, hushughulikia aina mpya zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, magonjwa mawili yaliyowatia hasara wakulima kwa miaka mingi. Ukoo mwembamba wa arabika uliopita Bourbon haukuwa na ukinzani huo. Uliletwa na wageni: mbuni chotara uliozaliwa wenyewe kisiwani Timor kwa arabika kukutana na robusta, na mbuni wa uwanda wa Boma, Sudan Kusini ya leo, uliochukuliwa porini miaka ya 1940.

Hakuna aliyejua, mibuni hiyo ilipokusanywa, kwamba siku moja itamwepusha mkulima wa kusini mwa Tanzania na gharama ya kupuliza dawa, kama ambavyo Bertrand hakujua kwamba buni zisizo na kafeini zingekuja kufafanua kafeini yenyewe. Thamani ya mbuni mwitu haionekani siku unapokatwa. Wanaoamua hatima ya misitu ya pwani wanapaswa kuihesabu kahawa ya Mbinga kuwa miongoni mwa vitu vinavyoitegemea, na wanaopanga bei ya kahawa ya Mbinga wakumbuke kwamba kinga ya zao hilo dhidi ya ugonjwa ujao huenda iko kwenye kichaka ambacho hadi sasa hakuna aliyekijaribu.